Machimbo ya chumvi yaliyopotea huku Bahi: tatizo ni kwamba tunatafuta shimo (uzi mrefu)

Mtoto_wa_Mbugani (mleta uzi):

Mbukwenyi wakuu.

Uzi ni mrefu, asiye na muda apite kimyakimya, sitakasirika.

Sisi wa magharibi ya Dodoma, kuanzia Bahi kushuka hadi Kintinku upande wa Manyoni, tuna hadithi ambayo karibu kila ukoo unayo. Zamani kulikuwa na machimbo ya chumvi huku mbugani. Watu walitoka mbali kuifuata, wakaja na mtama, majembe na mbuzi wa kubadilishana. Kisha machimbo yakapotea. Ukiuliza yalikuwa wapi, mmoja anaelekeza kusini, mwingine anaelekeza ng'ambo ya Mto Bubu, wa tatu anakwambia Mjerumani aliyafukia alipokimbia vita. Vijana wa kwetu wamelitafuta sana hilo shimo, hawakuliona, wakaamua kwamba wazee walikuwa wanatupiga kamba.

Mimi nasema wazee walisema kweli. Shimo ndilo ambalo halikuwahi kuwapo.

Tuanze na ardhi yenyewe. Bonde la Bahi halina mlango wa kutokea. Bubu inashuka kutoka Kondoa, masika inamwaga maji yake hapa, na maji hayo yanatuama. Mvua yetu ni kama milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, tena ya msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili. Miezi inayobaki ni jua na upepo. Maji yanapaa, kile yalichokuja nacho kutoka kwenye miamba ya juu kinabaki. Ikifika Agosti au Septemba mbuga inatoa unga mweupe juu ya udongo, na wa kwanza kujua ni ng'ombe, maana wanaufuata wenyewe na kuulamba. Anayebisha kwamba ardhi yetu ina chumvi akafue nguo kwa maji ya kisima cha Dodoma halafu aje atuambie amepata povu kiasi gani.

Sasa kwa ardhi ya namna hii hakuna aliyehitaji kuchimba kwenda chini. Chumvi ilikuwa juu. Ilikwanguliwa.

Kazi ilikwenda hivi. Udongo wa juu, kina cha vidole viwili tu, unakwanguliwa na kukusanywa. Unatiwa kwenye chungu kilichotobolewa chini, au kibuyu, tundu likiwa limezibwa kwa nyasi ili tope lisipite. Unamimina maji taratibu. Yanayodondoka chini ni maji makali ya chumvi, na huo udongo uliokwisha kuoshwa unatupwa pembeni. Maji yale yanachemshwa kwa kuni hadi yakauke, chumvi inabaki chunguni. Wengine waliichuja zaidi ya mara moja kabla ya kuipandisha motoni, maana kuni ndiyo gharama kubwa kuliko zote; ukichemsha maji hafifu unamaliza msitu kwa kibaba kimoja.

Hebu tazama kazi hiyo inaacha nini nyuma baada ya miaka mia. Pale palipokwanguliwa, masika ya kwanza tu yanafuta kila kitu. Kinachobaki ni taka: malundo ya udongo uliooshwa, majivu, vipande vya mkaa, na vigae. Vigae vingi mno, kwa sababu chungu cha kuchemshia chumvi hakidumu. Chumvi inapenya kwenye ufinyanzi, inakauka mle ndani, inaubabua tabaka kwa tabaka mpaka unapasuka.

Kwa hiyo tunachokitafuta ni lundo, na huku mbugani malundo yapo. Nitaeleza nililoliona baadaye, kwanza nione kama kuna watu humu.

Reli_ya_Kati:

Tupo mkuu, endelea. Ila mimi nina swali la kibiashara. Kama chumvi ilikuwa bure juu ya ardhi, iliuawa na nini? Babu yangu upande wa Saranda alikuwa anasema ni reli.

Mtoto_wa_Mbugani:

Mzee wako ana hoja. Kabla ya reli, chumvi ya pwani ilifika huku kichwani mwa mpagazi, ikiwa imepita mikononi mwa watu wengi na kulipiwa hongo za watemi njiani. Njia kuu ya misafara ya Tabora ilikatiza Ugogo, na kila mtemi alitoza chake. Kwa bei hiyo, chumvi ya mbugani hata ikiwa na mchanga na ukakasi, watu wataichukua.

Reli ilifika Dodoma 1910, Tabora 1912, Kigoma 1914. Behewa moja lilibeba kuliko msafara mzima. Na haikuja chumvi ya pwani peke yake. Kule Uvinza kuna chemchemi za maji ya chumvi karibu na pale mito Ruchugi na Malagarasi inapokutana. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 kampuni ya Kijerumani ilizichukua na mahali pakaitwa Gottorp. Reli ilipokamilika, chumvi ile ikawa inaweza kushuka mashariki hadi kwenye stesheni zetu. (Ukisoma nyaraka za enzi hizo ukakuta machimbo ya chumvi ya reli ya kati, tisa kati ya kumi wanazungumzia Uvinza. Msije mkashangilia bure.)

Lakini siamini kwamba reli iliimaliza chumvi ya Bahi mara moja. Iliifanya kazi ile ibaki ya wakati wa shida tu. Vita vya 1914 vilipoanza, Waingereza waliziba pwani, bidhaa za meli zikakatika. Dodoma yenyewe iliangukia mikononi mwa Waingereza Julai 1916. Baada ya hapo ikaja Mtunya, ile njaa ya 1918 hadi 1920 iliyoumiza Ugogo kuliko zote zinazokumbukwa. Mtu anayekwenda kuhemea lazima awe na cha kupeleka. Ng'ombe wamekufa au wamechukuliwa na majeshi, unapeleka nini? Kwenye ukoo wetu jibu ni moja, chumvi, na ndiyo maana wengi wanaotaja machimbo hawaanzi na chumvi, wanaanza na Mtunya.

Kilichoyapoteza machimbo kabisa, kwa maoni yangu, ni Operesheni Dodoma ya 1970 na 1971. Nitarudi hapo.

Mama_Zabibu:

Jamani mimi naomba kuuliza kitu cha jikoni. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akipika mlenda anatia magadi, na magadi yale hakununua sokoni, yaliletwa kutoka hukohuko mbugani. Yalikuwa kama mawe ya kijivu yanayovunjikavunjika. Sasa hao wazee wako walichimba chumvi au walichimba magadi? Maana mimi ukinipa magadi nikayatia kwenye nyama badala ya chumvi utanifukuza nyumbani.

Mtoto_wa_Mbugani:

Dada umeuliza swali ambalo wasomi wengi hulipita. Vyote viwili vinatoka mbuga moja, mara nyingine umbali wa mwendo mfupi tu, na unga mweupe ukiuona juu ya udongo huwezi kuutofautisha kwa macho. Ukiulamba, chumvi ni kali ya kueleweka, magadi yana ladha ya sabuni.

Kuna njia rahisi ya kupima kwa ndimu. Lakini msidondoshe ndimu moja kwa moja kwenye udongo kama wanavyofanya wengi. Ardhi ya Bahi ina chokaa nyingi, na chokaa nayo inachemka ikiguswa na ndimu, kwa hiyo utapata jibu la uongo. Fanya hivi: koroga udongo kwenye maji, acha utulie, chuja kwa kitambaa safi mpaka maji yawe maangavu. Chokaa haiyeyuki majini, imebaki kwenye kitambaa. Magadi yanayeyuka. Sasa kausha maji yale kidogo motoni yawe makali, kamulia ndimu. Yakitoa povu la vipovu vidogovidogo, una magadi. Yakitulia na ulimi unasema chumvi, una chumvi. Na mara nyingi utapata mchanganyiko, ndipo utaelewa kwa nini chumvi ya zamani ilisifiwa mahali fulani na kudharauliwa mahali pengine.

Nilifanya jikoni kwa mke wangu kwa udongo wa sehemu mbalimbali. Udongo wa ukingo wa mbuga ulitoa povu zuri tu, wa ndani zaidi ukanyamaza. Malundo yote niliyoyaona yako upande ulionyamaza.

Kachero_wa_Rupia:

Mkuu acha kutuzuga na vyungu. Huko Bahi kuna urani, dunia nzima inajua. Mjerumani alikuwa anachimba urani akawaambia wazee ni chumvi, akafukia, akaacha alama kwenye mibuyu. Toa kodineti tuje na kipima chuma tumalize kazi.

Mtoto_wa_Mbugani:

Kodineti sitoi, na jina la kijiji sitaji, kwa sababu ya watu kama wewe, bila kukosea heshima.

Urani ya Bahi na Manyoni ni habari ya utafiti wa miaka ya 2000. Kupasuka kwa kiini cha urani kuligunduliwa Berlin mwishoni mwa 1938. Kabla ya hapo urani ilitumika kupaka rangi vioo na kutafutia radiamu. Mjerumani aliondolewa Dodoma 1916. Sasa huyo Mjerumani wako aliyekuwa akifukia urani ya bomu miaka zaidi ya 20 kabla hata wenzake hawajajua bomu linawezekana, alikuwa mganga?

Na rupia, hela za Mjerumani mnazozitafuta, hazikai kwenye lundo la majivu ya chumvi. Utakachokitoa ni vigae, na ukishavichanganya hakuna mtaalamu atakayeweza kusema kipi kilitangulia. Halafu kuna sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na kufukua bila kibali ni kosa. Hata mimi sijagusa jembe. Napiga picha kigae kikiwa palepale, naweka penseli kando ionyeshe ukubwa, nachukua kodineti, naondoka.

Mwalimu_Mstaafu:

Shikamooni mliopo, na vijana marahaba. Mimi nilifundisha wilaya hiyo. Namuunga mkono mleta uzi kuhusu Operesheni. Kijiji nilichofundisha kina jina ambalo si la pale kilipo. Watu waliletwa barabarani wakaja na jina lao. Mahame yao ya zamani yako mwendo wa asubuhi nzima kuelekea mbugani. Wanafunzi wangu walikuwa wakisema "kwetu kulikuwa na chumvi" nami nikitazama pale shuleni naona mchanga mwekundu mtupu, nikidhani ni ngano za watoto.

Mtoto_wa_Mbugani:

Marahaba ya kwako naipokea, na shikamoo mwalimu. Hilo ndilo fundo lenyewe.

Operesheni Dodoma ilihamisha kaya zilizotawanyika mbugani ikaziweka kwenye vijiji vya ujamaa. Majina yakahama pamoja na watu. Leo ukichukua jina lililoandikwa kwenye karatasi ya 1930 ukalitafuta kwenye simu, unapelekwa kwenye kituo cha boda boda ambapo mwaka 1930 palikuwa pori. Kisha waliojua kuchuja wakawa mbali na udongo wao, na duka la ushirika lina chumvi ya pakiti. Kizazi kimoja tu kinatosha.

Dawa yake ni ramani za zamani. Zile za 1:50,000 zilizochorwa kwa picha za ndege miaka ya 1950 na 1960 zinaonyesha nyumba, vijia na visima kabla watu hawajahamishwa. Ukikuta vijia kadhaa vinakutana katikati ya mbuga mahali pasipo na kisima wala nyumba, jiulize watu walifuata nini. Kwenda nyuma zaidi kuna ramani za Kijerumani za 1:300,000, nyingi zimepigwa picha na maktaba za Ulaya, unazisoma bure kwenye intaneti. Humo tafuta neno Salz, yaani chumvi, peke yake au likiwa limeunganishwa na lingine. Na mjue tahajia yao: ch yetu wameandika tsch, y yetu wameandika j. Anayetafuta Chunyo kwa tahajia ya leo hataiona.

Kwenye nyaraka nako kuna mtego. Kabla reli haijafika, boma la Wajerumani la upande huu lilikuwa Kilimatinde, Dodoma ilikuwa haijawa kitu. Kwa hiyo pale Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, usianze kwa kuomba faili za Dodoma. Anza na Kilimatinde. Kumbukumbu zile za Kijerumani ni hazina kweli, UNESCO iliziingiza kwenye orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997, ila mwandiko wake wa mkono utakutoa machozi, tafuta mtu aliyezoea kuusoma. Za Mwingereza ni nyepesi: kila wilaya ilikuwa na kitabu chake ambamo mabwana shauri waliandika mila, watemi, njaa, mazao, na wakati mwingine mambo madogo kama haya ya chumvi.

Pale Dodoma mjini tuna Taasisi ya Jiolojia, ambayo mizizi yake ni idara iliyoanzishwa 1925. Watu wanadhani ni ya wenye dhahabu tu. Ramani zao za miamba na udongo zinakuonyesha mbuga zinaishia wapi na chokaa inaanzia wapi, na hilo peke yake linapunguza eneo la kutafuta kwa zaidi ya nusu. Kwa upande wa mila, Mathias Mnyampala, Mgogo mwenzetu, aliandika kitabu cha historia na desturi za Wagogo kilichotoka 1954. Msomeni kwa ajili ya koo na watemi, maana machimbo yalikuwa na wenyewe, na ukimjua mwenye ardhi umekaribia.

Wasafiri wa Kizungu nao wapo. Burton na Speke walipita 1857, Stanley 1871. Wote wanalalamikia Marenga Mkali, lile pori lisilo na maji kati ya Chunyo na Mvumi. Wasomeni, ila walitembea na njia ya msafara, walichokiona ni kilichokuwa kando ya njia. Mbuga zetu ziko nje ya njia hiyo kwa sehemu kubwa, na mtu mwenye kiu na homa hahesabu malundo.

Bubu_Hadi_Sulunga:

Safi sana. Ila mkuu huku kwetu malundo ni mengi. Utajuaje kama ni chumvi na si tembe lililoanguka? Tembe likibomoka linabaki tuta la udongo vilevile.

Mtoto_wa_Mbugani:

Swali la mtu anayejua mbuga. Tembe linaanguka kwa umbo lake. Paa lilikuwa la udongo, kuta za miti na udongo, kwa hiyo linaacha matuta marefu yaliyonyooka, yakizunguka uwanja uliokuwa zizi. Udongo wa zizi ni mweusi, una samadi, majani yanauota vizuri. Utakuta mawe ya kusagia, vigae vya kila namna: vya maji, vya ugali, vya pombe. Na mara nyingi kuna mbuyu au mkwaju karibu.

Lundo la chumvi ni mviringo au refu kama mgongo wa nguruwe, halina uwanja. Udongo wake ni mwepesi, wa kijivu, umeoshwa mpaka hauna nguvu. Ukiuponda mkononi unateleza kama unga, chini ya kucha unabaki mweupe. Majani hayauoti. Vigae vinafanana vyote, vipana, vinene, upande wa ndani umebanduka kama ngozi inayochunika. Pale nilipoona mimi, mvua imekata ubavu wa lundo moja, na unaona mistari: majivu, udongo wa kijivu, majivu tena, udongo tena. Yaani msimu juu ya msimu. Katikati ya mistari miwili ya majivu kulikuwa na kitako cha chungu kimelala kifudifudi, tundu la chini limetobolewa kabla ya kuchomwa, ukingo wake laini kabisa. Chungu kilifinyangwa makusudi kivuje.

Mama_Zabibu:

Hapo kwenye chungu cha kuvuja nimesisimka. Je, ni cha lini?

Mtoto_wa_Mbugani:

Hilo ni la wataalamu wa mambo ya kale, na mkaa uliomo kwenye mistari ile ndio unaoweza kupimwa umri. Kule Uvinza walipochimba Sutton na Roberts mwaka 1967, walikuta watu walikuwa wakitengeneza chumvi tangu karibu karne ya 5 au ya 6. Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, nako kuna machimbo ya kale yaliyochunguzwa miaka hiyohiyo. Na kwa wanaotaka kuona namna ya kukwangua udongo ikiwa bado hai, wakatazame Kibiro, Uganda, kando ya Ziwa Albert. Kazi ile pale ni ya wanawake, na viwanja vya chumvi vinarithiwa na wanawake.

Hilo la wanawake lilinibadilishia namna ya kuuliza. Wazee wa kiume wananipa watemi, vita na Mjerumani. Bibi mmoja wa upande wa baba yangu, nilipomwuliza kuni zilikatwa wapi, alicheka, akanipa jina la mti, akanipa na jina la korongo ambalo hakuna mwanamume aliyewahi kunitajia. Korongo hilo liko kwenye ramani ya 1:50,000.

Tena msiwaulize mwaka. Ulizeni: ilikuwa kabla ya Mtunya au baada? Mama yako alikuwa ameolewa? Reli ilikuwa imefika? Mlikuwa mmeshahamia kijijini? Majibu yanakaa sawa yenyewe.

Reli_ya_Kati:

Mkuu la mwisho. Tukiipata tena, kijiji hakiwezi kuanza kuichemsha na kuuza? Vijana hawana kazi.

Mtoto_wa_Mbugani:

Kuuza chumvi ya kula siku hizi lazima iwe na madini joto, sharti hilo lipo tangu miaka ya 1990, na chumvi ya udongo kama hii haifiki kiwango bila kuongezewa. Kuchimba kwa biashara kunahitaji leseni ya uchimbaji mdogo kutoka Tume ya Madini. Kuni nazo piga hesabu, Bahi ya leo haina msitu wa kuchezea. Kwa ng'ombe kulamba, sawa, na hilo wenyewe wameshaanza bila leseni.

Ninachohitaji sasa ni watu wa Kintinku, Makutupora ya Manyoni na vijiji vya ng'ambo ya Bubu ambao koo zao zilikuja huku kuchukua chumvi. Niandikieni walitoka wapi, walileta nini, na walipita njia ipi. Mahali penyewe msiandike hapa hadharani, nitumieni faragha. Kachero usijisumbue.